Friza ya Bure ya Marehemu Kibwana

Nchi ya Nafuu haimo katika ramani yoyote, na ukiikuta katika ramani yako, ujue kosa ni la mchoraji. Hatupakani na nchi yako. Mambo yetu ni yetu wenyewe, na msomaji akijisikia kuchomwa mahali, asitulaumu sisi, aangalie alipokaa.

Zamani, yaani kabla ya Waziri huyu tuliye naye, watu wa Nafuu walinunua vitu kwa ubishi. Mtu akitaka fungu la nyanya, muuzaji anataja bei ya kuchekesha, mnunuzi anacheka, wanaulizana habari za watoto, mnunuzi anajifanya anaondoka, anaitwa, na mwishowe muuzaji anatupia nyanya moja juu ya fungu na kusema, "Hiyo nyongeza." Kila mmoja alirudi kwake akiamini amemshinda mwenzake. Hatukujua kwamba jambo hilo lilikuwa hasara kwa taifa mpaka wataalamu walipokuja kutuambia.

Wataalamu walikaa hotelini msimu mzima wa mvua, wakagundua kwamba taifa linapoteza muda mwingi mno katika kuulizana habari za watoto. Ndipo likajengwa Duka Kuu la Taifa, jengo la vioo lenye milango inayojifungua yenyewe, na ikaundwa Wizara ya Shukrani kwa Mteja. Waziri wake, Mheshimiwa Daktari Injinia Fulgensi Bahatisha, alihutubia siku ya uzinduzi.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi mmekuwa mkinunua bila kushukuriwa. Mnatoa fedha, mnapokea unga, mnaondoka kama vile hakuna kilichotokea. Serikali yenu sikivu imeuona uchungu huo. Kuanzia leo kila raia atapewa Kadi ya Shukrani. Ukinunua, utapata pointi. Pointi zikitimia, utapewa zawadi, bure kabisa. Na ili Serikali iweze kugharimia ubure huo, bei zitapanda kidogo."

Tulipiga makofi. Tusieleweke vibaya: tulipiga kwa hiari yetu, maana kila aliyepiga makofi aliahidiwa pointi za kuanzia.

*

Katika umati ule mtu mmoja hakupiga makofi. Huyo alikuwa Mzee Kibwana Mshindo, mkaguzi wa mizani mstaafu. Maisha yake yote ya kazi alipita masokoni kuangalia kama kilo ni kilo, na alistaafu na imani moja tu, kwamba hajazaliwa mtu wa kumpunja Kibwana. Mtaani walimwita Hapunjwi. Alijifanya halipendi jina hilo, lakini ukimwita kwa jina jingine alichelewa kuitika.

Alirudi nyumbani akamweleza mkewe, Bi Mwanahawa, mambo yote aliyoyasikia.

"Huu ni mtego wa wajinga, Mama Tabu," alisema. Tabu ni binti yao, aliyeolewa ng'ambo.

"Na hiyo uliyoshika mkononi ni nini?"

"Kadi."

"Si umesema ni mtego?"

"Mtego ukishaujua si mtego tena. Hawa nitawakamua mpaka watoe maji."

Mwanahawa alijifunga kanga akatoka, kwa sababu alikuwa anawahi kwa jirani kuangalia barafu zake. Alikuwa akitengeneza barafu za ukwaju na ubuyu, zile za vifuko vya nailoni, na watoto wa shule walizipenda kuliko shule yenyewe. Shida yake ni kwamba hakuwa na friza. Alikodi kona katika friza ya jirani yake, Bi Siwema, ambaye alitoza kodi ya kona, na juu ya kodi alikula barafu, na juu ya barafu alisema maneno. Siku akinuna alichomoa waya ukutani na kudai umeme ulikatika. Mwanahawa alivumilia, kwa sababu juu ya kabati lao kulikuwa na kopo la maziwa ya unga ambamo yeye na mumewe walikuwa wakidunduliza fedha za kununua friza yao, na kopo lilikuwa limekaribia kujaa.

Kwa bahati mbaya Mzee Kibwana aliliona bango la zawadi za Duka Kuu. Ngazi ya Bati, ndoo. Ngazi ya Shaba, pasi. Ngazi ya Fedha, godoro. Na juu kabisa, Ngazi ya Dhahabu, ilichorwa friza nyeupe yenye mfuniko, inang'aa, na pembeni yake mwanamke anacheka peke yake.

"Mama Tabu," alisema jioni ile, "mjinga ndiye anayenunua friza. Mwenye akili hupewa."

"Atapewaje?"

"Kwa pointi."

"Pointi zinapatikanaje?"

"Kwa kununua."

"Kwa fedha gani, Baba Tabu?"

Mzee Kibwana akatazama juu ya kabati.

*

Mwanzoni aliingia dukani kwa hadhari, mikono mgongoni, kama alivyokuwa akikagua mizani. Alinunua sukari na kiberiti. Mashine ikalia tinn, na msichana wa kaunta, aitwaye Penzima, akamwambia, "Hongera, mzee wangu, umepata pointi." Mzee Kibwana alishangaa. Alikuwa amenunua sukari tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kumpa hongera.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Ikatangazwa Jumanne ya Chumvi, siku ambayo chumvi ina pointi mara tatu. Mzee Kibwana alipanda bodaboda kwenda kununua chumvi, akarudi na bodaboda, na nauli ikaizidi chumvi kwa mbali. Lakini nauli, alimweleza mkewe, ni suala la usafiri, haliingii katika mambo ya chumvi. Jumanne ziliendelea, na nyumba ikawa na chumvi ya kutosha kukaushia samaki wa mji mzima. Kisha ikaja Alhamisi ya Mifugo. Mzee akarudi na chupa kubwa ya shampuu ya farasi. Hawakuwa na farasi. Mtaa ule haujawahi kupitiwa na farasi. Mwanahawa alipouliza, aliambiwa kwamba farasi anaweza kutokea siku yoyote, ila pointi mara nne hazitokei kila Alhamisi. Ili isiharibike, mzee akaanza kuiogea mwenyewe, na zile nywele zake chache zikang'aa ajabu.

Hakuwa peke yake. Sisi sote tulikuwa hivyo. Tulikuwa tukitazamana kadi kabla ya nyuso. Kwenye harusi watu wa Dhahabu walikaa mbele na watu wa Bati walikaa karibu na masufuria, na tuliona wazee wa Bati wakiwaamkia vijana wa Dhahabu, na vijana wakiitikia marahaba bila kuona haya. Mzee Kibwana alianza kuzunguka njia ya nyuma ili asipite mbele ya genge la Mangosongo, muuza nyanya wake wa siku zote, kwa sababu Mangosongo angemwita, angemuuliza habari za Tabu, na angempa nyongeza, na nyongeza haina pointi.

Kisha zikaanza zile jumbe kwenye simu. "Mpendwa Kibwana, hongera kwa siku yako ya kuzaliwa." Watu wa rika lake hawakuzaliwa tarehe, walizaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa mafuriko, na karani wa vitambulisho, kwa kuchoka kuuliza, aliwaandikia wote mosi Julai. Kwa hiyo mosi Julai rika zima lilipata ujumbe mmoja na pointi za heri, wazee wakavamia Duka Kuu kwa pamoja, na milango inayojifungua yenyewe ikashindwa kujifunga. Mzee Kibwana alipoteza kofia na akafurahi sana.

Lakini ujumbe uliommaliza kabisa ulikuja siku alipolala na homa. "Mpendwa Kibwana, hujafika tangu Ijumaa. Je, uko salama?" Aliusoma, akauweka pembeni, akauchukua tena. Tabu hupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Wafanyakazi wenzake wa zamani wametawanyika. Akainuka na homa yake akaenda kununua sabuni. Tusimcheke. Ni wangapi kati yetu wanaulizwa kama wako salama na mtu asiyetaka kukopa?

*

Nyuma ya kadi kulikuwa na maandishi madogo mno, na hakuna raia wa Nafuu aliyewahi kuyasoma, kwa sababu miwani ya kusomea ilikuwa zawadi nyingine ya Ngazi ya Fedha, na kila aliyefika huko alichagua godoro. Maandishi yale yalisema kwamba pointi zote hufa mwisho wa mwaka wa fedha. Mzee Kibwana alilijua hilo kwa ujumbe, zikiwa zimebaki siku chache. Pointi za friza zilikuwa karibu kutimia, bado kidogo tu. Kopo la juu ya kabati lilikuwa tupu. Mfukoni alikuwa na mabaki ya pensheni ya mwezi ule.

"Binti yangu Penzima," alisema kaunta, akipunguza sauti, "kitu gani humu kina pointi nyingi kwa bei ndogo?"

Penzima alitazama huku na huku. "Kuna Furushi la Safari ya Mwisho, mzee. Pointi mara kumi."

"Safari ya wapi?"

"Ya mwisho, mzee," alisema Penzima, akashusha macho. "Sanda, pamba, ubani, marashi, na kopo la kuogeshea. Halichukuliwi sana. Watu hulinunua siku wanapolihitaji tu, na Wizara inasema hiyo si tabia nzuri ya kununua."

Mzee Kibwana alisita. Lakini akapiga moyo konde, akajiambia kwamba sanda haiozi, na kwamba katika vitu vyote alivyonunua mwaka ule, hiki ndicho pekee alichokuwa na hakika kwamba atakitumia.

"Jina la mtumiaji?" aliuliza Penzima.

"Mtumiaji?"

"Mashine haikubali bila jina."

Akafikiri. Kumtaja mkewe ni uchuro. Bi Siwema alimpitia kichwani, akakaa kidogo, akaondoka. Kumtakia mtu mwingine mauti kwa ajili ya pointi si uungwana, na Mzee Kibwana alikuwa muungwana.

"Andika mimi mwenyewe."

"Pole sana kwa msiba, mzee wangu."

"Ahsante, binti yangu."

Mashine ikalia tinn.

*

Alirudi kwa miguu, kwa sababu fedha ya bodaboda ilikuwa imegeuka ubani. Alipokata kona ya nyumbani aliona turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, na wanaume wamekaa wameshika tama. Mawazo yake yakaruka kwa Mwanahawa. Akamshika mkono kijana mmoja aliyekuwa akibeba viti.

"Nani jamani?"

"Mzee Hapunjwi."

"Lini?"

"Leo hii. Duka limetuma ujumbe kwa mtaa mzima."

"Hapunjwi ni mimi."

Kijana akamtazama kwa makini. "Pole sana, mzee," alisema, akaendelea na viti.

Aliyemwokoa pale barazani, kama ni kuokoa, ni Mjumbe Shamte, kiongozi wa mtaa, ambaye alimvuta nyuma ya turubai.

"Mzee mwenzangu, tunakuona. Hakuna anayesema hatukuoni. Lakini ujumbe umetoka Dukani."

"Duka limekosea, Mjumbe."

"Duka halikosei. Na hata kama limekosea, hebu tazama." Mjumbe alionyesha magunia ya mchele, mifuko ya sukari, makatoni ya majani ya chai, na turubai lenyewe. "Vyote hivi watu wamenunua kwa Ofa ya Rambirambi, pointi mara tatu. Msiba ukifutwa, pointi zinafutwa. Mimi mwenyewe nimepanda Fedha leo mchana. Unataka nishuke?"

Mzee Kibwana akalitazama furushi lake la sanda.

"Pita mlango wa nyuma, ule wali, utulie," alisema Mjumbe, akimpigapiga begani. "Watu wanakulilia vizuri."

Na kweli walimlilia vizuri. Akiwa nyuma ya jiko na sahani ya pilau, alimsikia Bi Siwema akilia kuliko wote, akisema Kibwana alikuwa nguzo. Hakujua kwamba alikuwa nguzo. Ni Sheikh peke yake aliyeuliza maiti iko wapi. Walimwambia iko njiani. Akauliza inatoka wapi, wakamwambia inatoka Dukani. Sheikh akatikisa kichwa, akavaa viatu vyake akaenda zake, na ndiye mtu pekee wa Nafuu ambaye siku ile hakupata pointi hata moja.

*

Asubuhi Mzee Kibwana alikwenda Wizarani kuomba kuwa hai. Alipelekwa kwa Mkurugenzi wa Wateja Hai, Dakta Eufrasia, mama mwenye sauti ya upole na meza kubwa kupita kiasi.

"Mzee wetu, marehemu," alianza Dakta Eufrasia, "Wizara haina ugomvi wowote na uhai wako. Uhai ni haki ya kila raia. Tunachozungumzia hapa ni kumbukumbu."

"Nifanye nini nirudi?"

"Ni rahisi mno. Kisera, mteja hai ni mteja anayenunua. Nunua kitu chochote, mashine itakutambua mara moja."

"Kadi yangu imefungwa."

"Kadi ya marehemu hufungwa, ndiyo. Kwa usalama wake."

"Basi nirudishe lile furushi."

"Bidhaa za kuvaa mwilini hazirudishwi, mzee."

Mzee Kibwana akaiweka kadi yake mezani. Alikuwa amekuja kudai uhai wake, na alikuwa na hasira za kweli, lakini kuna swali lililokuwa likimwasha ulimini tangu alipoingia, na sasa likamponyoka.

"Na pointi zangu je?"

Kwa mara ya kwanza Dakta Eufrasia alitabasamu. "Wizara ina huruma. Pointi za marehemu humwendea mjane, na juu yake tunaongeza Kifuta Machozi. Kwa mkeo zinafika Dhahabu na kuzidi. Friza itakabidhiwa siku ya arobaini, na Mheshimiwa Waziri mwenyewe."

"Na kama niko hai?"

"Kama uko hai, pointi za furushi zinafutika, Kifuta Machozi hakipo, na mwaka wa fedha unafungwa kesho. Zitakufa zote." Aliinuka kumsindikiza. "Pensheni, bila shaka, hailipwi marehemu. Lakini hiyo ni wizara nyingine, nisingependa kuwasemea."

*

Nyumbani hakuweza kumwona mkewe. Wanawake walikuwa wamemvalisha Mwanahawa nguo nyeupe na kumkalisha eda chumbani, na Bi Siwema alikaa mlangoni kuhakikisha kwamba hapiti mwanamume yeyote, hasa marehemu. Mzee Kibwana akazunguka nyuma, akasimama dirishani, akamweleza mkewe yote, ya friza na ya pensheni.

Mwanahawa alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na kitu kingine.

"Ule ujumbe wa Duka ulinifikia kabla yako, Baba Tabu," alisema. "Ulikuwa hujarudi. Niliamini. Nilikaa chini pale jikoni, nikasema, Mungu wangu, hata friza siitaki tena."

Mzee Kibwana alishika nondo za dirisha. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Katika maneno yote aliyosikia juu ya kifo chake, haya ndiyo yaliyomuua kidogo.

"Nisamehe, Mama Tabu."

"Kopo liko wapi?"

"Kopo lipo. Fedha ndizo hazipo."

"Unajua kwamba fedha zile zingeshanunua friza tangu Ramadhani iliyopita? Na chenji ikabaki?"

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Nilijua ile siku ya shampuu," alisema Mzee Kibwana. "Lakini nilikuwa nimeshafika mbali, nikaona aibu kurudi."

Ndani ya nyumba mtu alikuwa akigawa chai.

"Sasa sema wewe," alisema Mzee Kibwana. "Nirudi au nibaki?"

"Ukirudi, unarudi na nini?"

"Na mimi mwenyewe."

"Na chumvi," alisema Mwanahawa. "Na shampuu ya farasi." Kicheko kikampanda, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Bi Siwema akagonga mlango kuuliza kuna nini, na Mwanahawa, kwa akili ya haraka, akakigeuza kilio. Kilipotulia alisogea dirishani.

"Baki," alinong'ona. "Friza ije kwanza. Miaka yote hii nimeolewa na mtu hai na sijaiona friza. Tujaribu na marehemu."

*

Siku ya arobaini Waziri alifika na msafara. Friza ilishushwa kwenye lori imefungwa utepe, wapiga picha wakajipanga, na Mheshimiwa akashika kipaza sauti.

"Marehemu Kibwana alikuwa mteja wa kuigwa," alisema. "Alinunua asichohitaji, akatunza asichotumia, na hata kifo chake alikinunua mapema, kabla ya mwaka wa fedha kufungwa. Tujiulize, ndugu zangu: sisi tuliobaki, tunangoja nini?"

Tulipiga makofi, na zamu hii yalikuwa na pointi maradufu. Mzee Kibwana alikuwa amekaa mkeka wa nyuma kabisa, kofia ameishusha usoni. Katika miaka yake yote serikalini hakuwahi kusifiwa na waziri. Alijua vizuri kwamba sifa zile zilikuwa za mjinga, na bado zilimwingia, na akajiona mjinga zaidi kwa kuzifurahia.

Wasomaji wanaosubiri friza iwe mbovu, tunasikitika kuwaangusha. Ilikuwa friza nzuri. Ilichomekwa, ikanguruma, ikagandisha.

Eda ilipokwisha, Mzee Kibwana alitoka katika stoo ya uani alimokuwa akilala, akarudi chumbani kwake kimyakimya. Pensheni ilikuwa imesimama, kama alivyoambiwa, kwa hiyo mjane ndiye aliyemlisha marehemu. Mwanahawa alitengeneza barafu nyingi kuliko zamani, na Mzee Kibwana alizifunga vifuko, kazi ambayo mkewe alimlipa kila Ijumaa, na kumkata mshahara akifunga ovyo. Mtoto aliyenunua barafu nyingi alipewa moja ya nyongeza. Mzee alipouliza kwa nini anagawa mali bure, Mwanahawa alimwambia ndivyo watoto wanavyorudi kesho. Bi Siwema, ambaye friza yake ilikuwa imeungua, alikuja kukodi kona.

Kwa kuwa marehemu hana kadi, Mzee Kibwana alirudi kwa Mangosongo kununua nyanya kwa fedha taslimu. Walibishana, wakaulizana habari za watoto, akatupiwa nyanya moja juu ya fungu, akarudi nyumbani akiamini ameshinda. Mtu angemwona angesema ana raha. Naye alikuwa na raha karibu yote, isipokuwa kwamba simu yake haikulia tena, na kila jioni aliitoa mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Wakati huohuo ile hotuba ya Waziri ilikuwa imetuingia. Tulijiuliza tunangoja nini, tukaona hatuna tunachongoja. Nyumba baada ya nyumba ikapata marehemu, na nyumba baada ya nyumba ikapata friza, hata jioni ukipita mitaani uliwakuta marehemu wa Nafuu wamekaa vibarazani wakicheza bao. Wizara ikashituka. Ilibainika kwamba wafu, kwa ujumla wao, hawanunui. Wataalamu wakarudishwa hotelini, na baada ya mvua kwisha wakaja na mpango mpya, uitwao Rudi Kwetu.

*

Asubuhi moja, mzee akiwa amechelewa kuamka, aliikuta simu yake mezani ina ujumbe.

"Mpendwa Marehemu Kibwana, tunakukosa sana. Je, uko salama? Kadi yako imefunguliwa. Leo tu: viatu vyote, pointi maradufu."

Aliusoma amesimama, halafu akausoma amekaa.

"Wamenikumbuka," alisema.

Mwanahawa alikuwa akikoroga ukwaju. Hakuinua uso. "Nani?"

"Watu tu."

Akainuka, akaenda mlangoni kutafuta ndala zake. Hazikuwapo. Akachungulia uvunguni, akatazama uani, nako hakuna.

"Mama Tabu, umeziona ndala zangu?"

"Nimeziona."

"Ziko wapi?"

"Kwenye friza."

Mwanahawa alikuwa ameusoma ujumbe ule kabla yake, simu ilipolia alfajiri. Ndala zilikuwa ndani ya mfuko, chini kabisa, barafu za siku nzima zikiwa juu yake. Mfuniko ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa kiunoni, chini ya kanga.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" aliuliza kwa upole.

"Kuangalia tu."

"Kaa chini, Baba Tabu. Nimeshakulilia mara moja. Inatosha."

Mzee Kibwana akakaa. Aliitazama friza yake ya bure, ikinguruma taratibu pale ukutani. Alimtazama mkewe, na akamwonea huruma, na akajionea huruma mwenyewe, na kwa muda ilionekana kama mambo yameishia hapo. Kisha akaitazama miguu yake. Ilikuwa mitupu. Akafikiri kwamba mtu hawezi kuishi hivi hivi bila viatu. Akafikiri tena, na moyo ukaanza kumwenda mbio, maana tangu siku alipopewa kadi ile, hii ilikuwa mara ya kwanza Duka Kuu kuwa na kitu anachokihitaji kwelikweli.

Mwanahawa alipogeuka kuchukua vifuko, kiti kilikuwa kitupu. Nje jua lilikuwa limeshapanda na lami inaunguza. Alikwenda peku.